Magonjwa ya kudumu: jinsi ya kupima, kujikinga na kuishi nayo bila kusubiri maumivu

Kila mtu anajua kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na bado wengi wetu huenda hospitali tukiwa tayari tunaumwa. Si ujinga. Tumekua tukiuamini mwili: ukiumia unalia, ukipona unanyamaza. Kwa jino, kidonda au malaria, imani hiyo inatosha. Kwa presha, kisukari na figo haisaidii hata kidogo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; presha hunyesha jua likiwaka.

Ugonjwa wa kudumu ni ule unaokaa na mtu kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yote, na ambao kazi kubwa ni kuudhibiti kuliko kuuponya. Humo wamo presha, kisukari, magonjwa ya moyo na ya figo, pumu, kifafa, selimundu na saratani nyingi. Siku hizi wamo pia watu wanaoishi na VVU, ambao tangu tiba mseto ilipoanza kutumika mwaka 1996 wanaweza kufika uzeeni kama wengine. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, magonjwa yasiyoambukiza yaliua watu wasiopungua milioni 43 mwaka 2021, na milioni 18 kati yao hawakufikisha miaka 70.

Kabla ya hatua zenyewe, mfikirie Franklin Roosevelt, rais wa Marekani. Machi 1944 daktari wa moyo alimpima presha akakuta 186/108. Wakati huo hapakuwa na dawa salama na yenye nguvu ya kushusha presha, na madaktari wengi waliona ni kawaida presha kupanda mtu anapozeeka. Aprili 12, 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vibaya sana, akazimia, na siku hiyohiyo akafariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, Massachusetts, watafiti walianza kuwafuatilia watu wazima 5,209 mwaka baada ya mwaka, waone nani ataugua moyo na alikuwa na nini kabla hajaugua. Haya tunayoyasema leo kana kwamba yalijulikana tangu enzi, kwamba presha, sigara na lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu huutangulia ugonjwa wa moyo, kwa sehemu kubwa yalitoka kwenye madaftari yale. Roosevelt alikuwa na namba lakini hakuwa na dawa. Wengi wetu leo tuko kinyume chake: dawa zipo, namba hatuzijui.

Hatua ya 1: Uliza nyumbani kwenu

Kabla ya kutoa damu hata tone moja, zungumza na wazee wa ukoo. Unataka kujua nani alikuwa na nini, na alianza akiwa na umri gani. Umri ndio jambo ambalo watu husahau kuuliza, na ndio daktari anaoutaka. Baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada aliyeupata kabla ya miaka 65, anabadilisha hesabu yako. Babu aliyeugua moyo akiwa na miaka 88 habadilishi sana.

Ukiuliza "Alikufa kwa ugonjwa gani?" utajibiwa "Aliugua tu" au "Alichoka". Uliza vitu vinavyoonekana. Shangazi, babu alikatwa mguu? Alikuwa akienda kusafishwa damu? Alianguka ghafla, au mdomo ulienda upande? Aliacha kuona? Alikuwa na vidonge vya kila siku? Majibu ya maswali kama hayo yanampa daktari picha, hata kama hakuna mtu nyumbani aliyewahi kusikia jina la ugonjwa.

Mwanamke aongeze habari za mimba zake. Aliyepata kisukari cha mimba au kifafa cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya kisukari, presha na ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye, hata kama baada ya kujifungua kila kitu kilirudi sawa. Hili husahaulika mno. Mtoto anapelekwa kliniki kwa miaka kadhaa, mama harudi kupimwa.

Hatua ya 2: Pima presha, na ipimwe ipasavyo

Kama una nafasi ya kupima kitu kimoja tu, pima presha. Duniani watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Kipimo hakiumizi, hakichomi, na ni cha dakika chache.

Tatizo ni jinsi kinavyofanyika. Mtu amepanda ngazi, ameingia akihema, ameketi kwenye ukingo wa kitanda miguu ikining'inia, mkanda umefungwa juu ya sweta, mkono umeachwa chini pajani, na huku anaulizwa anatoka wapi na ana watoto wangapi. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kupandisha namba. Vikiungana, mtu mzima wa afya anaondoka na cheti cha ugonjwa.

Kipimo cha kuaminika kinakwenda hivi. Kwa nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Keti kwenye kiti, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijakunjwa nne. Tulia dakika 5 kimya. Mkono uwe mtupu na uwekwe juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkanda wenyewe uenee mkono wako: ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba itatoka kubwa kuliko ukweli. Usizungumze mashine inapofanya kazi. Rudia baada ya dakika moja. Si utovu wa adabu kumwambia anayekupima, "Samahani dada, naomba nipumzike kidogo kwanza." Muuguzi mzuri atakubali, mwenye haraka atanuna, na umwache anune.

Namba ya juu ni msukumo moyo unapobana, ya chini ni moyo unapolegea. Chini ya 120/80 ni nzuri. Kuanzia 140/90 kwa vipimo vya siku tofauti huitwa presha ya juu. Marekani, tangu 2017, wanaanzia 130/80. Kati ya 120/80 na 140/90 si ugonjwa kwa kila mwongozo, ila si mahali pa kulala usingizi.

Wapo ambao presha hupanda wakimwona tu mtu mwenye koti jeupe, na wapo ambao hospitali iko sawa lakini nyumbani iko juu. Dawa ya utata huo ni kupima nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Pima mara mbili asubuhi kabla ya vidonge na chakula, mara mbili jioni, kwa siku 7. Andika zote, hata zile usizozipenda. Watu hurudia kupima mpaka ipatikane inayofurahisha, kisha wakaandika hiyo. Futa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani kuanzia 135/85 ndio unaohesabiwa kuwa juu. Karatasi hiyo moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kama yote ni sawa, rudia angalau mara moja kwa mwaka ukishapita miaka 40, au mapema zaidi kama hatua ya 1 ilikupa habari zisizopendeza.

Hatua ya 3: Sukari, figo na lehemu

Sukari hupimwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kabla ya kula, baada ya kufunga saa 8 au zaidi: kuanzia 7.0 (au 126 kwa mashine zinazosoma miligramu) ni kisukari, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Ya pili ni HbA1c, ambayo wengi huiita sukari ya miezi mitatu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120 na hubeba alama ya sukari zilimoogelea. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Faida yake ni kwamba haidanganyiki: aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki atafurahisha kipimo cha kwanza, hiki cha pili kitamsema. Lakini mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni, HbA1c inaweza kumpotosha. Amwambie daktari kabla.

Figo ndizo nyamavu kuliko zote. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi ya figo zake akiendelea kwenda kazini, kula na kulala vizuri. Maumivu ya kiuno ambayo kila mtu huyaita "figo" mara nyingi ni misuli tu, na figo inayokufa taratibu haiumi. Vipo vipimo viwili vya maabara: kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu, ambayo hukokotolewa kuwa kiwango cha uchujaji, na protini kwenye mkojo. Uchujaji ukiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Mwenye kisukari au presha afanyiwe vyote viwili kila mwaka, na aviombe kwa majina asipopewa.

Lehemu, yaani kolesteroli, mweleze daktari aipime pamoja na hayo. Namba yake pekee haisemi mengi. Husomwa pamoja na umri, presha, sigara na sukari.

Hatua ya 4: Saratani, pima zile zinazostahili

Hapa busara inahitajika kuliko hamasa. Si kila kipimo kinaokoa. Korea Kusini walipoanza kupiga picha za shingo kwa watu wasio na dalili yoyote, saratani za tezi ya shingoni zilizogunduliwa zilipanda hadi mwaka 2011 zikawa mara 15 ya zile za 1993. Vifo havikupungua. Zilizokuwa zikionekana ni uvimbe mdogo ambao ungekaa pale mpaka mtu afe kwa jambo lingine, na wengi waliotolewa tezi sasa wanameza vidonge vya homoni kila siku. Kwa hiyo ukiona tangazo la "vipimo vya mwili mzima", uliza kwanza kila kipimo ni cha kutafuta nini, na kikipatikana kitafanyiwa nini.

Kinachostahili bila ubishi ni uchunguzi wa mlango wa kizazi. Karibu saratani zote za hapo huletwa na kirusi cha HPV, na mabadiliko ya awali huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, kwa hiyo kuna muda wa kutosha wa kuyakata njiani. Mwanamke aanze akiwa na miaka 30, arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10 kama kipimo ni cha HPV. Anayeishi na VVU aanze miaka 25, na arudie mapema zaidi. Binti wa miaka 9 hadi 14 apewe chanjo. Chanjo ya homa ya ini B nayo, ambayo mtoto hutakiwa kuanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, ni kinga ya saratani ya ini. Watu hawaihesabu hivyo.

Matiti na utumbo mpana: umri wa kuanza hutofautiana kwa nchi, kati ya 40 na 50 kwenye miongozo mingi, basi fuata wa kwenu. Tezi dume: zungumza na daktari faida na hasara kabla ya kutoa damu, si baada ya majibu.

Hatua ya 5: Badilisha vichache, ila vibadilike kweli

Mwaka 2002 yalitolewa majibu ya utafiti wa Marekani uliowahusu watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilipewa metformin, dawa ya kushusha sukari, jingine likasaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa wiki. Waliomeza dawa walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 31. Waliotembea na kupungua, asilimia 58. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kitu, haimfanyi awe mwembamba, majirani hata hawatagundua. Ndiyo maana naamini malengo makubwa ya "kurudi mwili wa ujana" huwaumiza watu bure: wanashindwa la mbali, wanaacha na la karibu ambalo lingewatosha.

Dakika 150 ni nusu saa siku tano kwa wiki. Kasi iwe ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Anayevuta sigara aache hiyo kwanza, mengine yatasubiri. Baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kama nusu. Chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku kwa jumla, ambazo hazifiki kijiko cha chai kilichojaa, na humo ihesabiwe ile iliyofichwa ndani ya vyakula vya viwandani. Pombe, kadiri inavyopungua ndivyo presha inavyoshuka.

Hatua ya 6: Ukiambiwa unao, meza dawa ukiwa mzima

Wengi hupotelea hapa. Mgonjwa anaanza vidonge vya presha, baada ya mwezi namba inashuka, anasema, "Daktari, mimi nimepona." Hajapona, dawa inafanya kazi. Anaiacha, presha inarudi ilikokuwa, na kwa kuwa hairudi na maumivu, hajui. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wenye magonjwa ya kudumu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa.

Lifunge zoezi la kumeza dawa na jambo usilolisahau, kama kupiga mswaki au sala. Tumia kiboksi chenye vyumba vya siku za wiki, maana swali gumu si "nimeze?" bali "nimeshameza au bado?" Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja bila kuuliza. Dawa ikikuletea kikohozi kikavu, miguu kuvimba, kizunguzungu au udhaifu wa nguvu za kiume, rudi useme. Mara nyingi ipo mbadala. Hilo la mwisho wanaume hulificha, wakaacha dawa kimyakimya, na daktari akaongeza dozi ya kidonge kisichomezwa.

Dawa za kifafa, baadhi za moyo na zile za jamii ya steroidi usizikatize ghafla, hata kwa siku chache za safari.

Angalia pia unachonunua mwenyewe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuumiza figo zikitumiwa mara kwa mara, na nyingi huuzwa bila swali. Mwambie mfamasia kila mara kwamba una presha, kisukari au figo.

Mwenye pumu ajue tofauti ya bomba la kuzuia na bomba la kutuliza. La kuzuia ndilo linalotuliza uvimbe wa njia za hewa, nalo hutumiwa hata siku ambayo kifua ni cheupe. Ukijikuta unalikimbilia la kutuliza kila baada ya siku mbili tatu, pumu yako haijadhibitiwa.

Mwenye kisukari achunguze miguu yake kila jioni: katikati ya vidole, kisigino, na unyayo kwa kutumia kioo au macho ya mtu wa nyumbani. Ganzi humwibia maumivu, hivyo anaweza kukanyaga msumari akatembea nao siku nzima. Macho yapimwe kila mwaka kwa kutanuliwa mboni, hata kama anasoma gazeti bila miwani.

Hatua ya 7: Nenda kliniki na karatasi

Miadi ni mifupi. Beba vipimo vya nyumbani, dawa zenyewe ndani ya mfuko (pamoja na za mitishamba, usione haya), na maswali yasiyozidi matatu. Ya kwangu ningeyaweka hivi: namba yangu inatakiwa iwe ngapi? Tukishindwa kuifikia, tutafanya nini? Kipimo gani sijafanyiwa mwaka huu? Omba nakala ya majibu, uyapange kwa tarehe. Kreatinini ya leo peke yake inaweza kuonekana sawa, lakini ikiwekwa kando ya za miaka mitatu iliyopita ikaonyesha inapanda kila mwaka.

Dalili zisizosubiri miadi

Kuna nyakati ambapo mwili husema, na husema kwa sauti. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika: hicho ni kiharusi. Maumivu ya kubana kifuani yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, pamoja na jasho la baridi: huo ni moyo. Mwenye kisukari anayetetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa huenda sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe gramu 15 hadi 20 za sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Kwa kiharusi, mtu mmoja aangalie saa na kuandika mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya muda wa saa 4.5 tangu dalili zianze, na hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.